Mfyatua matofali ana kalibu, seremala wa droo naye awe nayo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu msomaji aliyeandika hivi karibuni kwamba droo za makabati yanayotengenezwa hapa Dar es Salaam hugoma kila masika yanapoingia, na kwamba kwa sababu hiyo yeye na jirani zake wameamua kununua samani zinazoletwa kwa kontena kutoka nje. Mimi ni seremala. Nimeshika randa kwa miaka 31, na 22 kati ya hiyo nimeifanya hapa Keko. Malalamiko yake ni ya kweli na sina nia ya kuyakanusha. Ninachokipinga ni sababu aliyoitaja, kwa kuwa tukiendelea kuilaumu mvua tutaendelea kutengeneza droo zilezile. Dawa ninayoitetea ni kalibu, yaani kifaa kinachopimwa mara moja kisha kikaongoza kila mkato.

Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuvimba. Hilo kila fundi analijua, na kila mama aliyewahi kuhangaika na droo ya kanga mwezi wa Aprili analijua pia. Lakini mbao huvimba kwa upana, kukatisha nyuzi zake, na kwa urefu wa nyuzi haibadiliki kwa kiasi ambacho jicho linaweza kukiona. Kwa makadirio ya kawaida ya useremala, ubao hutanuka kwa takriban asilimia 1 ya upana wake kila kiwango chake cha unyevu kinapopanda kwa asilimia 4. Ubavu wa droo wenye kimo cha milimita 110 utaongezeka basi kama milimita 1 hivi, na utaongezeka kwenda juu, wala si kulia au kushoto. Fundi aliyeacha nafasi ya milimita 3 juu ya droo amekwisha kuyapa masika haki yake. Upana wa droo, ule wa kutoka ubavu hadi ubavu, unatokana na urefu wa ubao wa mbele na wa nyuma, na urefu huo mvua haiubadilishi. Kwa hiyo mwenye kabati ambaye droo yake imegoma achukue kadi ngumu aipitishe katika upenyo unaoizunguka. Ikikwama juu, mbao haikukaushwa vizuri au fundi hakuacha nafasi. Ikikwama pembeni, au droo ikiingia mshazari, upande mmoja ukitangulia mwingine, hapo masika hayana kosa. Kosa ni la kipimo, na droo hiyo ilikuwa na kasoro tangu siku ilipotoka karakanani, ila ilisaidiwa na nta ya mshumaa iliyosuguliwa chini yake.

Nasema kosa ni la kipimo, lakini sisemi kwamba mafundi wetu hawajui kupima. Tunapima sana, na hapo ndipo penye tatizo. Kabati lenye droo 6 lina kona 24, na fundi anayechora kila kona kwa penseli na guni, kile kifaa cha kupimia pembe mraba, akaikata kwa msumeno na kuichonga kwa patasi, huanza upya mara 24. Penseli ya asubuhi ina ncha kali, ya alasiri imekuwa butu na mstari wake umenenepa. Msumeno mara hupita juu ya mstari, mara kando yake. Nusu milimita hapa na nusu milimita kule, zote zikiangukia upande mmoja, droo inatoka imezidi milimita 2. Zamani, droo ilipokuwa ikiteleza juu ya vipande vya mbao, milimita 2 hizo ziliondolewa na randa: fundi aliiranda droo hadi ikakubali kuingia. Siku hizi wateja wengi wanataka reli za chuma zenye gololi, hizi zinazouzwa katika maduka ya vifaa kuanzia Gerezani hadi Mbagala, na reli hizo kwa kawaida hudai nafasi ya milimita 12.7, yaani nusu inchi, kila upande wa droo. Droo ikizidi upana kwa milimita 2, reli zinabana. Ikipungua kwa milimita 2, reli zinavutwa kwa ndani na gololi zinaanza kulia. Reli ya chuma hairandwi.

Tazama mfyatua matofali wa Tegeta au Chanika. Hapimi tofali la kwanza kwa futi, kisha la pili, kisha la mia. Kalibu yake ilipimwa mara moja, na tangu siku hiyo kazi yake ni kushindilia mchanga na saruji. Fundi cherehani naye ana makaratasi yake magumu ya kukatia kola na mifuko, yametundikwa kwenye msumari ukutani. Hata mama muuza vitumbua ana chuma chenye vishimo vinavyolingana, ndiyo maana hakuna mteja anayelalamika kwamba kitumbua chake ni kidogo kuliko cha mwenzake. Seremala, ambaye nusu milimita inaweza kumharibia kazi ya siku nzima, ndiye anayeanza upya kila kona. Kifaa ninachokitetea katika barua hii vijana waliopita vyuoni hukiita jigi. Mimi nitakiita kalibu ya droo, kwa kuwa jina hilo halihitaji mkalimani.

Haja ya kalibu niliijua kwa hasara. Mwaka 2014 nilipewa kazi ya kutengeneza makabati 14 ya pembeni mwa kitanda kwa ajili ya nyumba moja ya wageni, kila kabati likiwa na droo 3, jumla droo 42. Tuliifanya kazi hiyo mimi na vijana wawili kwa wiki nne, kwa mninga mbele na paini ya Sao Hill mwilini, na siku ya kukabidhi kila droo iliingia na kutoka bila kelele. Baada ya wiki mbili nikapigiwa simu. Wahudumu walikuwa wamefanya usafi mkubwa, wakazitoa droo zote na kuzianika nje, na walipozirudisha hawakujali ipi ilitoka kabati lipi; na kwa nini wajali? Nilipofika nilikuta droo 19 ama hazikuingia kabisa, ama ziliingia zikaacha upenyo wa kupitisha kidole. Mimi na kijana wangu tuliketi barazani tukawa tunaijaribu kila droo katika kila kabati, kama watu wanaotafuta ndara zao nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa. Nyingine tulizipatia mahali pake. Nyingine hatukuzipatia kamwe, kwa sababu zilikuwa zimekwisha kupigwa tupa na mtu aliyetaka kusaidia. Mwenye nyumba hakugomba. Aliniuliza swali moja tu: "Fundi, kwani hizi si droo za aina moja?"

Sikuwa na jibu. Nilizitengeneza upya droo zote 19 kwa mbao zangu, na nyuma ya kila moja ya zile 42 nikaandika namba kwa penseli ili wahudumu wasizichanganye tena. Namba zile zinaniuma hadi leo. Kila moja ilikuwa ni ungamo kwamba mimi, fundi wa miaka mingi, siwezi kutengeneza vitu viwili vinavyofanana.

Kalibu niliyoijenga mwezi uliofuata ndiyo ninayoitumia hadi sasa, ikiwa imebadilishwa vipande mara kadhaa, na naomba nieleze jinsi ilivyo kwa kuwa sioni faida ya kusifu kifaa ambacho msomaji hawezi kukijenga. Kiungo kinachosifiwa zaidi katika droo ni kile cha mkia wa njiwa, chenye meno ya mshazari yanayopanuka kuelekea nchani, nami nakipenda, lakini kalibu yake ni ngumu kuichonga na hudai biti maalumu, yaani kisu kinachozungushwa na ruta, ile mashine ya umeme ya kuchonga mbao. Nilichagua kiungo cha meno, ambapo meno ya ubao mmoja huingia katika mapengo ya ubao wa pili. Meno haya ni ya mraba, hayana mshazari, na kwa kuwa ni mengi yanaipa gundi eneo kubwa la kushika, kiasi kwamba sijawahi kuona kona iliyopakwa gundi vizuri ikiachia kwenye meno kabla ya mbao yenyewe kupasuka. Biti yake ni ile iliyonyooka, ya milimita 10, ambayo haina ugumu kupatikana.

Ruta imefungwa kichwa chini, chini ya meza ya plaiwudi, na biti inachomoza juu kupitia tundu. Mezani nimechonga mfereji mmoja ulionyooka, na ndani yake inateleza reli ya mbao ngumu ambayo haichezi kulia wala kushoto. Juu ya reli hiyo nimefunga kiegemeo, yaani plaiwudi ya milimita 18 iliyosimama wima kwa guni, na ubao unaokatwa husimamishwa kwa kichwa chake na kuegemezwa hapo, kisha vyote kwa pamoja husukumwa kupita juu ya biti. Kiegemeo kina tabaka mbili. Ya nyuma haisogei. Ya mbele imebeba kigingi, na yenyewe husogea kwa kuwa bolti zinazoishika zimepita katika matundu marefu. Kigingi ni kipande cha mpingo nilichopewa na mchonga vinyago mmoja wa Mwenge, kimerandwa hadi kikawa na upana wa milimita 10 kamili, sawasawa na pengo linalokatwa na biti.

Siri yote ya kalibu imo katika umbali kati ya kigingi na biti. Umbali huo ukiwa sawa na upana wa biti, jino litakuwa sawa na pengo, na kona itaingia kwa kusukumwa na kiganja. Sitegemei futi kuupata umbali huo. Naweka shina la biti ya keekee ya milimita 10 katikati ya kigingi na biti ya ruta, nasogeza tabaka ya mbele hadi viguse vyote vitatu, halafu nakaza. Baada ya hapo kazi ni kuhesabu tu. Ukingo wa ubao unaguswa kwenye kigingi, pengo la kwanza linakatwa. Pengo hilo linavikwa juu ya kigingi, la pili linakatwa. Na kuendelea hivyo hadi mwisho wa ubao. Ubao wa pili, ule unaopaswa kuanza na pengo, hauguswi kwenye kigingi. Unaegemezwa kwenye ubao wa kwanza, ambao umegeuzwa na kuvikwa kigingi kwa pengo lake la kwanza, kwa hiyo jino la ubao mmoja ndilo linalopima pengo la mwenzake. Sijaona njia nyingine ya kupima ambayo ni ya uaminifu kuliko hiyo, kwa sababu hakuna namba inayotajwa wala kuandikwa mahali popote.

Jaribio la kwanza halikosi kuwa na kasoro ndogo. Meno yakibana sana, maana yake kigingi kiko mbali na biti. Yakilegea, kiko karibu mno. Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili mwanzoni, nikigonga tabaka ya mbele kwa nyundo ndogo, mara ikazidi, mara ikapungua, hadi fundi mmoja wa mitambo jirani yangu aliponiambia nifunge bolti ya M6, yaani yenye kipenyo cha milimita 6, ubavuni mwa kiegemeo ili ndiyo iwe inaisukuma. Bolti ya M6 ya kawaida husogea milimita 1 kwa mzunguko mmoja. Robo ya mzunguko ni robo ya milimita, na nusu ya robo hiyo ni kiasi ambacho penseli yoyote haiwezi kukichora. Tangu siku hiyo kurekebisha kalibu kunanichukua dakika, tena kwa vipande viwili tu vya mbao za kutupa. Nakaza hadi meno yaingie kwa kusukumwa bila nyundo, yakiacha upenyo mdogo kwa ajili ya gundi, kwa sababu gundi ya maji huivimbisha mbao mara inapoigusa, na meno yaliyoingia kwa shida yakiwa makavu hayataingia yakiwa yamepakwa.

Kimo cha droo lazima kiifuate kalibu, si kalibu iifuate droo. Kwa biti ya milimita 10 mimi hutengeneza vimo vya milimita 110, 150 na 190. Droo ya 110 hugawanyika mara 11: ubavu unapata meno 6 na mapengo 5, ubao wa mbele na wa nyuma unapata meno 5 na mapengo 6, na kwa kuwa mgawanyo ni wa namba witiri, kona inaanza na kuishia kwa jino la ubavu juu na chini. Nakata mbao za ubavu mbili kwa pamoja zikiwa zimebanwa mgongo kwa mgongo, ili hata kama mkono umetetereka, utetereke kwa zote mbili. Biti naiinua ipite unene wa ubao kwa nusu milimita, meno yachomoze kidogo baada ya gundi kukauka, kisha msasa uyamalize. Nyuma ya ubao unaokatwa naweka kila mara ubao mwingine wa kutupa, kwa kuwa biti inapotoka upande wa pili huzing'oa nyuzi za paini na kuacha kona yenye ndevu. Na nyuma ya kiegemeo, mahali biti inapotokea, nimefunga gogo la mti lenye unene wa kiganja ili kidole cha kijana kisije kikakutana nayo. Asijenge mtu kalibu hii akaliacha gogo hilo.

Nisije nikaeleweka kwamba kalibu ikishajengwa haihitaji macho. Kigingi changu cha kwanza kilikuwa cha paini, nacho kililika kwa kuvikwa na kuvuliwa mamia ya mara. Meno yakaanza kulegea taratibu, na kwa muda mrefu nilimlaumu muuza biti. Biti ikinolewa hupungua upana, basi kigingi cha zamani hakivai tena katika pengo jipya, na fundi asiyejua hilo huanza kuligonga pengo livae kwa nguvu. Siku moja kijana wangu aliniita: "Fundi, imegoma." Droo 8 zilikuwa zimetoka na kona zilizoachia upande wa juu, na tulitafuta sababu hadi adhuhuri. Ilikuwa ni tone la gundi, kubwa kama punje ya mtama, lililokauka mezani mahali ubao unaposimama. Ubao ulikuwa ukikaa juu ya tone hilo, umeinuka upande mmoja, na kila kona ilirithi mwinuko huo. Kalibu hulinganisha kazi, na ikiwa na kosa hulinganisha kosa pia. Tangu hapo kalibu yangu haitumiwi kama meza ya kuwekea chai wala gundi. Ikimaliza kazi inapanguswa na kutundikwa.

Kona sahihi peke yake haitoshi, maana kona nne sahihi zinaweza kuunda droo iliyopinda ikiwa imebanwa vibaya wakati gundi ingali mbichi. Kwa hilo nina fremu ya plaiwudi yenye vipande viwili vya mkongo vilivyofungwa kwa guni kamili. Droo husukumwa kwenye pembe hiyo na kubanwa kwa klampu, kisha napima mara mbili kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe inayoikabili. Vipimo viwili vikilingana, pembe zote za droo ni mraba.

Mafundi wenzangu nimeongea nao sana juu ya jambo hili, na pingamizi lao la kwanza ni muda. Wanasema mteja anasubiri, fundi hawezi kukaa siku mbili akijenga kifaa ambacho hakiuzwi. Nawaelewa, kwa sababu anayeishi kwa malipo ya awali ya leo ili anunue mbao za kazi ya jana hana siku mbili za kutoa. Lakini hesabu yangu ni hii: droo moja kwa mkono, kuchora, kukata na kuchonga kona zake nne, ilinichukua karibu saa moja na nusu, kwa kalibu ni dakika 20, na kijana wa miezi mitatu anaweza kuifanya nikiwa nimekwenda kutafuta mbao. Siku mbili zile nilizirudisha katika kabati la pili. Pingamizi jingine ni kwamba kila mteja ana kipimo chake. Ni kweli, lakini kalibu haishiki upana wala kina cha droo. Inashika kona tu. Mteja anayetaka droo ya sentimita 40 na anayetaka ya sentimita 75 wote wana kona nne, na kona hizo ni zilezile.

Wapo wasio na ruta, au wenye ruta lakini umeme ukikatika kazi inasimama. Kwao nasema kalibu si lazima iwe ya mashine. Kipande cha mkongo chenye ukubwa wa kiganja, kilichorandwa mshazari wa 1 kwa 6 (kipimo 1 kwenda kando kwa kila vipimo 6 vya urefu) kwa mbao laini au 1 kwa 8 kwa mbao ngumu, kinaweza kubanwa kwenye ubao na msumeno ukaegemezwa ubavuni mwake, na mikia ya njiwa ikatoka yote kwa mshazari mmoja bila kuchorwa. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na kipande cha namna hiyo, cheusi kwa jasho la mikono, na alikificha ndani ya sanduku lake la zana hata sisi wanafunzi wake tusikione vizuri. Namheshimu kwa mengi, lakini katika hilo alikosea. Alikufa nacho, na sisi tukaanza tena na penseli.

Ndiyo maana nimeamua kuandika gazetini badala ya kuendelea kuzungumza na wenzangu wachache chini ya mwembe. Hapa Keko karakana zimeshikana ukuta kwa ukuta, na wengi wetu tunapeleka mbao kurandwa kwenye mashine ileile ya mtaani, lakini kila mmoja ana kimo chake cha droo alichokirithi au alichokizoea. Tukikubaliana vimo vitatu tu, vijana wetu wataweza kusaidiana kazi kubwa inapoingia. Karakana moja ikate mbao za ubavu, nyingine mbao za mbele, na zote zikutane mahali pamoja na kuvaana. Kwa sasa zabuni ya vitanda na makabati ya bweni zima humpita fundi mmojammoja si kwa sababu hajui kazi, bali kwa sababu hawezi kuahidi kwamba droo ya 200 itafanana na ya kwanza. Walimu wa useremala, pale VETA na kwingineko, nao nawaomba wafikirie kumtaka kila mwanafunzi ajenge kalibu yake mwenyewe kabla ya kuhitimu na kuondoka nayo. Kijana anayekuja kwangu akijua kusoma mchoro namshukuru mwalimu wake. Akija na kalibu kwapani nitampa kazi siku hiyohiyo.

Na kwa msomaji aliyeandika malalamiko, pamoja na jirani zake, nina ombi. Kabla hamjalipa salio la kabati lolote, liwe limetoka Keko au limetoka kwenye kontena, chomoeni droo mbili za kimo kimoja, mzibadilishe mahali, kisha msukume kila moja kwa kidole kimoja, katikati. Zikiingia zote mbili hadi mwisho bila kupinda, lipeni. Zisipoingia, fundi azichukue arudi nazo. Fundi atakayerudi nazo, akitaka, apite karakanani kwangu na futi yake. Kalibu imetundikwa ukutani upande wa kulia wa mlango, sijaificha, na anaruhusiwa kuipima kila kipande.

Fundi seremala,
Keko, Dar es Salaam